Naomba ushauri: nimefunga springi ngumu, sasa gari halikaliki

Wakuu, habari za muda huu. Nina Toyota Altezza, nipo Mtwara mjini. Mwezi uliopita nilifunga springi fupi na shokapu ngumu, gari likalala, likapendeza kweli. Kwenye lami nzuri linakata kona bila kuyumba. Balaa ni matuta. Kwenda Mikindani tu nayapanda mshazari na bado chini linakwaruza. Nikipita rasta (vile vituta vidogo vilivyopangana barabarani) kwa mwendo, tairi zinarukaruka, usukani unacheza mkononi. Juzi bimkubwa kashuka kashika kiuno, kaapa bora bajaji.

Fundi wangu anataka tulegeze shokapu, maana zinarekebishika. Mwingine anasema springi ndiyo mchawi. Nianze na lipi? Na trafiki wakikagua, gari lililoshushwa hivi lina kesi?