Alama za mtihani na nafasi katika shule za sekondari za ushindani Marekani: New York, Chicago au Fairfax?

Mama Tumaini

Ndugu zangu, habari za leo. Mume wangu anahamishwa kikazi, na ameruhusiwa kuchagua kati ya New York, Chicago na kaunti ya Fairfax, Virginia. Binti yetu yuko darasa la 7. Darasani anapata A karibu katika kila somo na kazi zake huzifanya kwa uangalifu mkubwa, lakini akiwekewa saa mbele yake hupungua kasi na matokeo huwa chini ya uwezo wake. Tungependa ajaribu kuingia katika shule za serikali zinazochukua wanafunzi kwa ushindani. Naomba wanaozifahamu sehemu hizi wanieleze: mtihani una uzito gani kila mahali, na ni wapi mtoto wa namna hii atapimwa kwa yale anayoyaweza hasa?

Mwalimu Kasimu

Karibu, Mama Tumaini. Nianze na New York kwa sababu huko ndiko mtihani unakoamua kila kitu. Shule 8 maalumu za jiji, zikiwamo Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech, huchagua wanafunzi kwa mtihani mmoja tu, unaofanywa mwanzoni mwa darasa la 8 na kujulikana kwa herufi SHSAT. Kwa shule hizo tatu utaratibu huu umewekwa na sheria ya jimbo ya mwaka 1971, ndiyo maana meya peke yake hawezi kuufuta. Maksi za darasani, barua za walimu, mahudhurio na insha havihesabiwi hata kidogo. Ile shule ya tisa, LaGuardia, ni ya sanaa na huchagua kwa majaribio ya kipaji pamoja na rekodi ya masomo.

Katika muundo uliotumika miaka ya karibuni, mtahiniwa hukabili maswali 57 ya Kiingereza na 57 ya hisabati kwa saa 3, na tangu mwaka 2025 hufanya hivyo kwenye kompyuta. Mfumo kisha huwapanga watahiniwa wote kuanzia mwenye alama za juu kabisa, na kila mmoja hupewa shule ya kwanza katika orodha yake ambayo bado ina nafasi. Kwa hiyo alama ya mwisho ya kuingilia haipangwi na mtu mapema. Hutokana na idadi ya nafasi na matokeo ya waliojitokeza mwaka huo. Kwa mtoto anayebabaishwa na saa, huo ndio mlango mgumu kuliko yote, ingawa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo hakuna swali la kuachwa wazi.

Zuhura N.

Mwalimu amesema kweli, lakini naomba nitetee mtihani. Sisi tulifika New York hatumjui mtu. Hatukujua mwalimu yupi huandika barua nzuri wala insha gani huwavutia wasomaji. Mtihani ulikuwa kitu kimoja ambacho sheria zake zilikuwa wazi kwetu kama zilivyokuwa wazi kwa mwenyeji: jibu maswali, alama zitazungumza. Mwanangu alijiandaa kwa vitabu vya maktaba na kwa mtihani wa mfano unaotolewa bure na jiji, akapata. Mnapozungumzia haki, mkumbuke familia zisizo na jina wala uenyeji.

Mzee Shomari

Dada Zuhura, hoja yako ni nzito na ninaiheshimu, lakini mwaka 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895, na kati ya hizo 7 tu ziliwaendea wanafunzi weusi, katika jiji ambalo watoto weusi ni sehemu kubwa ya wanafunzi wa shule za serikali. Sheria za mtihani ni wazi kwa wote. Maandalizi yake siyo sawa kwa wote. Kuna familia zinazoanza masomo ya ziada ya kulipia miaka kadhaa kabla, na kuna shule ambazo mtoto humaliza darasa la 7 bila kuambiwa kwamba mtihani huo upo. Jiji lina mpango unaoitwa Discovery, ambao huwapa watoto wa familia za kipato kidogo, waliokosa alama kwa tofauti ndogo, masomo ya majira ya joto na kisha nafasi. Ni msaada wa kweli, ila huanza baada ya mtihani kuwa umekwisha kuwachuja wengi.

Kwa Mama Tumaini nina neno la kutia moyo. New York haina mlango mmoja. Nje ya zile shule 8, zipo shule nyingine za kuchuja ambazo huangalia maksi za masomo ya darasa la 7: mtoto hupangwa katika kundi kulingana na maksi hizo, na ndani ya kundi namba ya bahati nasibu ndiyo huamua nani atangulie. Binti mwenye A nyingi ana nafasi nzuri ya kuingia kundi la kwanza. Hatari yake inakuwa bahati, siyo saa.

Bi. Rehema

Shikamoo Mzee Shomari. Mimi niko Chicago, na nadhani mfumo wetu ndio unaomfaa zaidi binti huyu, mradi uhesabiwe vizuri. Shule za ushindani hapa ni 11, zikiwamo Payton, Northside, Jones, Lane Tech na Whitney Young aliyosoma Michelle Obama. Jumla ya alama ni 900. Zamani ziligawanywa mafungu matatu. Sasa 450 hutoka katika maksi za mwisho wa darasa la 7 kwenye masomo manne makuu, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, na 450 hutoka katika mtihani wa kujiunga unaofanywa darasa la 8.

Wazazi wengi husikia "nusu kwa nusu" wakadhani pande hizo mbili hufanya kazi sawa. Hazifanyi. A moja ina alama 112.5 na B ina 75, kwa hiyo kushuka daraja moja katika somo moja humgharimu mtoto alama 37.5 kwa mkupuo. Mtihani una sehemu mbili, kusoma na hisabati, kila moja ikiwa na alama 225, na alama hizo hutokana na nafasi ya mtoto katika kipimo cha 1 hadi 99, kila hatua ikiwa na thamani ya takribani alama 2.27. Maana yake ni kwamba B moja ya darasani ni sawa na kushuka hatua 16 au 17 katika sehemu moja ya mtihani. Chukua mtoto mwenye A zote aliyefika 99 katika kusoma na 83 tu katika hisabati: atapata takribani 864. Mwingine aliyefika 99 katika sehemu zote mbili lakini ana B moja atapata 862.5. Kwa binti anayeteleza kidogo kwenye mtihani na ambaye darasani hatikisiki, hesabu hiyo ni rafiki.

Jambo la pili ni anwani. Jiji limegawanywa katika madaraja manne kwa kuangalia hali ya kila eneo dogo la sensa: kipato cha familia, elimu ya watu wazima, umiliki wa nyumba, kaya zenye mzazi mmoja, lugha zinazozungumzwa nyumbani na matokeo ya shule za karibu. Asilimia 30 ya nafasi hutolewa kwa alama peke yake, na asilimia 70 inayobaki hugawanywa sawasawa kati ya madaraja hayo manne, ili watoto washindane na wale wanaoishi katika hali inayofanana na yao. Katika daraja la 4, lenye hali nzuri zaidi, alama za kuingia Payton hukaribia 900. Mtoto wa daraja la 1 huhitaji alama chache zaidi kwa shule hiyo hiyo. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa nyumba, tazama eneo hilo liko daraja gani. Ninasema hivyo ili ujue, siyo ili mtu aazime anwani asiyoishi; huo ni udanganyifu, na mtoto anaweza kuondolewa shuleni kwa ajili yake.

Mwalimu Kasimu

Bi. Rehema, ahsante kwa hesabu hiyo. Niongeze tahadhari moja: maksi za darasa la 7 zinazohesabiwa ni hizi anazozipata sasa, katika shule aliyopo. Mama Tumaini, ukichelewa kujua kwamba somo la sayansi linaelekea B, hutakuwa na namna ya kuirekebisha akishafika darasa la 8.

Hamisi wa Virginia

Kwa Fairfax, shule inayotafutwa ni Thomas Jefferson, ya sayansi na teknolojia, ambayo pia hupokea wanafunzi wa kaunti za jirani. Hadi mwaka 2020 ilikuwa na mitihani ya kujiunga, sasa imeondolewa. Mwombaji lazima awe na wastani wa maksi wa angalau 3.5, ambapo A huhesabiwa 4, na awe anasoma aljebra, kisha huandika insha kuhusu nafsi yake na insha ya kutatua tatizo. Kila shule ya kati hutengewa nafasi sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la 8, na nafasi zinazobaki, kati ya 550 hivi, hushindaniwa na wote. Mfumo huo ulipingwa mahakamani, ukathibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2023, na Februari 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi.

Lakini usidhani kwamba kuondoka kwa mtihani kumeondoa saa. Insha hizo huandikwa chini ya usimamizi na kwa muda maalumu. Isitoshe, mwenye wastani wa juu hana namba ya kumwonyesha yuko umbali gani na lango, jambo ambalo kwa familia nyingi ni mateso ya aina yake.

Mama Tumaini

Nawashukuru wote. Ninaona tunaelekea Chicago. Swali langu la mwisho: akiikosa Payton kwa alama chache, atakuwa amepoteza kiasi gani?

Mzee Shomari

Kidogo kuliko tunavyoogopa. Watafiti Abdulkadiroğlu, Angrist na Pathak walilinganisha watoto waliovuka alama ya mwisho kwa tofauti ndogo na waliokosa kwa tofauti ndogo, Boston na New York, na katika matokeo yao ya mwaka 2014 hawakuona kwamba shule hizo ziliwapandisha sana katika mitihani ya baadaye. Chicago pia ilichunguzwa kwa njia hiyo: alama za mitihani hazikubadilika sana, wanafunzi waliridhika zaidi na mazingira ya shule, lakini waliotoka maeneo ya hali duni walipata wastani wa maksi za darasani wa chini kuliko wenzao waliokosa. Maksi hizo ndizo baadaye hutazamwa na vyuo vikuu.

Bi. Rehema

Nakubaliana na Mzee. Katika ombi la Chicago, Mama Tumaini, panga shule kwa mpangilio unaoupenda kweli, kwa sababu mfumo humpa mtoto shule ya juu kabisa katika orodha yake ambayo alama zake zinaifikia, na kuiweka Payton ya kwanza hakumpunguzii nafasi ya kupata Jones au Lane Tech zilizo chini yake. Wiki hii anza na mwalimu wake wa somo lenye maksi za chini, umuulize ni kazi zipi bado zitahesabiwa kabla ya mwaka kufungwa.