Wasanii tupeane uzoefu: msanii mwenzako alishawahi kukufungulia njia gani?

Mtoa mada
Wakuu habarini. Kuna kitu nakionaga sana kwa madogo wanaoanza sanaa, mtu anasaka meneja, anasaka mdhamini, anamtumia staa meseji mwaka mzima hajibiwi, halafu msanii wa saizi yake anakaa mtaa wa pili hata salamu hawapeani. Mimi nachora, na kazi nyingi zilizonilipa vizuri zimetoka kwa wachoraji wenzangu sio kwa hao wakubwa. Mtu kabanwa, anakwambia njoo umalizie ukuta wa mgahawa huku, au mteja anataka picha za sura na yeye sura hawezi basi anakurushia. Tena mnamkumbuka mzee Edward Saidi Tingatinga, alifariki 1972 akiwa amechora miaka michache tu, ila alishawashika mkono ndugu na vijana wake pale Oysterbay, wakaendeleza mpaka 1990 wakaanzisha ushirika na leo kuna watu wanasomesha watoto kwa jina lile. Angejifungia ndani na rangi zake sidhani kama tungekuwa tunamtaja.
Haya shusheni yaliyowakuta, nadharia hatutaki.

mpingo_mtupu
Sisi wa vinyago hatuna ujanja lazima tushikane. Gogo la mpingo uweke vibali uweke usafiri, ukinunua peke yako mtaji wote umelala hapo, tunachanga tunagawana vipande. Na ikija oda kubwa na mteja anataka haraka, mimi mkono wangu ni ujamaa, zile za watu wamepandana, wanyama nampa mwenzangu, kupiga msasa na kung'arisha kuna mtu wake. Ila bei mnakubaliana kabla gogo halijaguswa, hapo ndo urafiki wa mafundi wengi unapofia.

penseli_na_tableti
Mimi nachora vielelezo vya vitabu vya watoto. Kuna mteja mmoja alinipigia akaniambia kuna mtu ameshakubali kufanya kwa nusu ya bei yako, vipi unashuka au nimpe yeye? Nikakausha kidogo nikauliza kwenye grupu letu la wasap, kumbe watatu tumepigiwa simu siku hiyohiyo, wote tumeambiwa maneno yaleyale na hakuna hata mmoja aliyekubali hiyo nusu 😂😂 Tukakubaliana hakuna kushuka, na malipo ya awali yaingie kwanza. Mteja akanung'unika weee mwisho akalipa, kazi akachukua mwenzetu mmoja wala sikuumia, kwa sababu angeshuka yeye mwezi unaofuata ningeshushwa mimi. Grupu hilohilo ndo nilijifunzia kuuliza kwenye mkataba kama wananunua matumizi ya toleo moja au haki zote jumla, nilikuwa nasaini tu jamani.

nyuzi_za_Unguja
Asalaam aleikum. Mie napiga kanuni, chombo kina nyuzi sabini na kitu na skuizi wapigaji tu wachache, nyuzi hupati dukani ovyo. Mwenzio akisafiri Cairo au Maskati ndo unamwagizia, na yeye akikatikiwa usiku wa shughuli unampa zako bila ya kinyongo. Na harusi zikigongana siku moja tunaazimana wapigaji, mtu wa fidla wa kikundi kile anakuja kwetu. Anokaa mbali na wenziwe hata kama fundi vipi hakumbukwi, wallahi.

sina_kundi
Mnapamba sana. Mimi nilimuonyesha "mwenzangu" michoro ya tisheti nikijua tunashauriana, baada ya muda naziona kariakoo zimeprintiwa. Na haya magrupu mengi ni kutumiana flaya za shoo na michango ya misiba, kazi hamna. Nafanya mwenyewe nalala vizuri.

Mtoa mada
@sina_kundi pole mkuu hiyo inauma na ipo sana. Mi naonaga kitu ambacho hakijatoka usimuonyeshe kila mtu, mtumie mmoja unayemwamini tena kwa maandishi ili tarehe ibaki. Ila michango ya misiba usiidharau, waliokuja kwenye msiba wangu ndo haohao wananitumia kazi mpaka leo.

ukuta_wa_nairobi
Niko Nairobi hapa, nachora graffiti na matatu. Gari moja ni kazi ya watu kibao, kuna wa rangi, wa muziki, wa viti, wa taa. Owner akipenda kazi ya mtu wa muziki anamuuliza ni nani alichora, so huyo wa muziki ndiye anakutafutia kazi, wewe hujawahi kuongea na owner hata siku moja. Kosana na yeye uone vile simu italala.

dogo_wa_Mbagala
Mimi sijuani na msanii yeyote, naanzia wapi?

penseli_na_tableti
@dogo_wa_Mbagala nenda Nafasi Art Space Mikocheni, wapo tangu 2008, siku kuna maonyesho ingia angalia kazi za watu. Usianze kugawa namba yako, muulize mtu katumia rangi gani. Wachoraji ukiwauliza rangi hawanyamazi.