Kivinjari chenye barua pepe humohumo: kinafaa kompyuta ya mapokezi?

Mwana_Dunda:
Wakuu, habari za jioni. Naendesha gesti ndogo hapa Bagamoyo, jirani na Mji Mkongwe. Mapokezi kuna laptop moja ya Windows, RAM GB 4, na akaunti tatu za barua pepe: ya bukingi, ya mahesabu na ya bosi. Vijana wanazifungua zote kwenye kivinjari, tabu juu ya tabu, mpaka mashine inagoma. Mtandao ukikatika ndiyo balaa. Mgeni kasimama na begi lake anasema alishathibitishiwa chumba, nasi hatuna pa kuangalia.

Nimeshauriwa nihamie Vivaldi kwa kuwa ina barua pepe ndani. Lakini kivinjari si kibaki kivinjari tu? Naombeni ushauri.

Mzee wa Chumbageni:
Mkuu, hilo si jambo jipya. Netscape Communicator ya 1997 ilikuja na barua humohumo. Mozilla nao walikuwa na furushi moja, kisha wakatenganisha: 2004 zikatoka Firefox 1.0 ya kuvinjari na Thunderbird 1.0 ya barua, kila moja kivyake. Opera niliipenda sana, ila toleo la 15 mwaka 2013 likaja bila barua. Tangu hapo barua zangu ziko Thunderbird. Wenye kivinjari wakibadili mawazo, anayehangaika ni wewe.

BintiMagomeni:
Shikamoo mzee, ila unamtisha bure. Akiunganisha kwa njia ya IMAP barua zinabaki kwenye seva ya mtoa huduma, anahama hata kesho. Cha kuogopa ni ile njia nyingine, POP3, iliyowekwa ishushe barua na kuzifuta kule. Bosi akifungua simu yake anakuta patupu. Vivaldi natumia kwenye kompyuta yangu, akaunti zote naziona sehemu moja, na barua zilizokwisha kushuka nazitafuta hata bando likiisha. Hata mwanzilishi wake, Jon von Tetzchner, ni mmoja wa walioanzisha hiyohiyo Opera yako.

fundi_pc:
Kabla hamjafika mbali: wageni wanaigusa hiyo laptop?

Mwana_Dunda:
Wanaigusa, wanachapa tiketi za ndege.

fundi_pc:
Basi tuache kugombania programu. Mgeni akifungua kivinjari, barua zako ziko pembeni pale, pamoja na nakala za pasipoti za wenzake. Na Thunderbird peke yake haikuokoi: lile neno siri kuu unaloweza kuiwekea linalinda nywila zilizohifadhiwa, si barua zilizokwisha kushuka. Fungua akaunti mbili za Windows. Ya wageni iwe ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Ya mapokezi iwe na nywila. Huko ndani weka Vivaldi au Thunderbird, roho yako inavyopenda. Zile akaunti za barua, ya mahesabu na ya bosi, sioni zinafanya nini kaunta.

Mzee wa Chumbageni:
Marahaba binti. Fundi kasema kweli, ingawa Thunderbird siiachi.

Mwana_Dunda:
Hizo mbili naziondoa leo. Tuseme nimeweka Vivaldi, mara ya kwanza itashusha barua zote za zamani? Bando letu la kubana.

BintiMagomeni:
Itakula bando kaka, hasa zenye viambatisho. Zile bukingi za wageni walioondoka zamani zihamishie kwanza kwenye akaunti ya bosi, halafu ndiyo uunganishe. Na usifanye siku ya Ijumaa jioni, wageni wa wikiendi watakukuta katikati.