Wakuu, bingwa wa kwanza wa kike wa tenisi ni nani? Nimewekeana dau la kreti ya soda

Kiduku_wa_Ilala

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada haraka kabla kreti nzima ya soda haijanitoka mfukoni. Jana tuko saluni kwa kinyozi, TV inarudia mechi za Wimbledon, binamu yangu akaropoka kwamba mwanamke wa kwanza kuchukua ubingwa wa tenisi ni Maud Watson mwaka 1884. Mi nikamwambia hapana bwana, kuna binti wa Kiayalandi alimtangulia, niliwahi kusoma, akaniuliza jina, jina likagoma kuja, saluni nzima ikanicheka na kinyozi akajitolea kuwa refa wa dau. Bando lenyewe lilikuwa limeisha.

La pili ndo linanisumbua zaidi. Zile picha za zamani unaona akina mama wamevaa magauni yanafagia nyasi, mikono hadi kwenye kiganja, kofia, kiuno kimebanwa kama nyigu. Hapo mtu anakimbia saa ngapi? Au walikuwa wanarushiana mpira kidogo halafu wanaenda kunywa chai? Wajuzi mje.

Fundi Raketi

Kadai soda zako mkuu, na uchague za baridi. Anaitwa May Langrishe, mwaka 1879, Dublin, mashindano ya Ireland chini ya klabu ya Fitzwilliam. Alikuwa na miaka 14 tu, mtoto kabisa. Ndo mashindano ya kwanza makubwa yaliyoweka kipengele cha wanawake mmoja mmoja.

Wimbledon wao walianza 1877 na ilikuwa wanaume tu, watu 22. Na usidhani walikaa wakapanga jambo kubwa la kihistoria, ile klabu ilikuwa ya kroke, ule mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo ya mbao upite kwenye vitao, walichokuwa wanatafuta ni hela ya kutengeneza rola la kusawazisha nyasi lililokuwa linavutwa na farasi mdogo, limeharibika. Yaani hii Wimbledon yote unayoiona leo chanzo chake ni mchango wa rola bovu 😂

Wanawake wakaja kuruhusiwa 1884, miaka 5 baada ya Dublin. Walijiandikisha 13. Na fainali ilikuwa ya ndugu wa tumbo moja, Maud Watson na dada yake mkubwa Lilian, watoto wa mchungaji wa kijiji cha Berkswell, wote wamevaa nyeupe. Dada mtu akachukua seti ya kwanza kwa gemu 8-6 (seti ni mkusanyiko wa gemu), mdogo akakaza, 6-3, 6-3, kwisha habari. Zawadi yake kikapu cha maua cha fedha cha thamani ya gini 20 (pesa ya zamani ya Uingereza), na dada mtu akaondoka na kioo cha mkono na brashi ya nywele. Fikiria hiyo safari ya kurudi nyumbani kwenye treni, mmoja kapakata kikapu mwenzake kapakata brashi.

Na baba yao huyo mchungaji hakuwa wa mchezo, alikuwa mwanahisabati, ndo yule Watson aliyepiga hesabu na mwanasayansi Galton ya jinsi majina ya koo yanavyopotea kizazi hadi kizazi. Waliosoma takwimu chuo wanamjua bila kujua kwamba ni baba wa bingwa.

Shangazi wa Tabata

Mi niingie hapo kwenye nguo maana ndo kazi yangu, niko kwenye cherehani mwaka wa 20 huu na niliwahi kushonea kikundi cha maigizo gauni la mtindo ule wa zama za Malkia Victoria. Sikilizeni. Gauni lile peke yake lilikula kitambaa ambacho ningetoa sare za darasa zima. Chini yake magaguro, sio moja. Juu ya hapo kuna ile nguo ya kubana kiuno yenye mifupa ya nyangumi inafungwa kamba mgongoni mpaka pumzi inapanda kifuani. Yule binti aliyelivaa nilimwambia nyanyua mkono juu kama unachuma embe, hakuweza. Bega linagoma, ubavu unagoma. Ndo maana wengi wao walikuwa wanaanzisha mpira kutokea chini, mkono unapita usawa wa goti, watu wanasema ah walikuwa laini, wakati ni nguo imewakaba.

Halafu mnasahau Uingereza nyasi zina unyevu. Pindo likishalowa linakuwa zito kama limefungiwa mawe, na mguu mmoja ukilikanyaga umekwenda chini. Kwa hiyo mkono mmoja raketi, mkono mwingine umeshika sketi. Na nyeupe yenyewe ilipendwa kwa sababu haionyeshi sana jasho, maana mwanamke wa heshima kutoka jasho mbele za watu ilikuwa aibu. Hivi jamani.

Sasa muone ujanja wa Lottie Dod. Huyu alichukua Wimbledon 1887 akiwa na miaka 15 na miezi 9, mpaka leo hakuna aliyechukua ubingwa wa wanawake mmoja mmoja pale akiwa mdogo kuliko yeye. Kipaji alikuwa nacho, sikatai, ila kwa vile alikuwa bado msichana wa umri wa shule, desturi ilimruhusu sketi fupi inayoishia kwenye shavu la mguu. Wenzake watu wazima wanakokota mapazia yeye anakimbia! Alichukua mara 5, na mara zote 5 aliyekaa upande wa pili fainali ni mama mmoja, Blanche Bingley, baadaye Bi Hillyard. Huyo mama ningemtunga wimbo. Kapigwa fainali 5 na mtu yuleyule na bado kajiokotea makombe yake 6, la mwisho 1900 akiwa na miaka 36.

Bishoo_Mwenge

Shangazi heshima yako, lakini tuseme ukweli, kiwango kilikuwa cha chini. Wanaume wakati ule walikuwa wanapiga mpira kweli. Hawa ilikuwa burudani ya bustani kwa matajiri tu, seti mbili tatu wamechoka.

Mvita_001

Weeh Bishoo, ati seti mbili tatu wamechoka? Njoo nikwambie kitu kaka.

Marekani ubingwa wa wanawake ulianza 1887 kule Philadelphia, klabu ya kriketi, akashinda msichana mmoja, Ellen Hansell. Sasa kuanzia 1891 wale wanawake wakawa wanacheza fainali zao kwa seti 5. Tano! Kama wanaume. Na hizo nguo alizozieleza shangazi ziko mwilini. Mwaka 1898 Juliette Atkinson alimpiga Marion Jones 6-3, 5-7, 6-4, 2-6, 7-5, hesabu mwenyewe, gemu 51.

Kisha ikaja 1901. Elisabeth Moore akakutana na huyohuyo Marion Jones kutafuta wa kumkabili bingwa. Kapoteza seti ya kwanza 6-4, ya pili kachapwa 6-1, ukimwangalia unasema huyu amezikwa. Akarudi 9-7, 9-7, 6-3. Gemu 58. Siku ya pili yake, bila kupumzika, akaingia kwa bingwa mtetezi Myrtle McAteer, seti 5 tena, akashinda. Jumla gemu 105 kwa siku mbili. Wachezaji wangapi wa leo unaowajua watafanya hivyo wakiwa na magaguro?

Unajua viongozi wa chama cha tenisi cha Marekani walifanya nini baada ya hapo? Mwaka uliofuata wakakata, seti 3 basi, eti wanawake wataumia. Waliokaa kuamua ni wanaume na wachezaji wenyewe hawakuulizwa. Moore alishinda, hakulalamika kuchoka, alilalamika kupunguziwa! Kwa hiyo hii hadithi kwamba wanawake hucheza seti 3 kwa sababu hawawezi 5 mimi huwa inanikera sana, waliziweza zikaondolewa.

Bishoo_Mwenge

Sawa hiyo ya seti 5 sikuijua, nimekoma. Lakini je, waliwahi kucheza na wanaume? Maana hapo ndo kipimo.

Fundi Raketi

Waliwahi. 1888 Lottie Dod aliwekwa na Ernest Renshaw, bingwa wa Wimbledon wa mwaka huohuo, mechi ya maonyesho. Dod alipewa kianzio, kila gemu inaanza yeye ana 30 mwenzake 0, yaani yuko mbele pointi mbili. Akachukua seti ya kwanza 6-2 na zilizobaki akafa 7-5, 7-5. Utasema alibebwa, ni kweli, ila binti ana miaka 16 na jamaa ni bingwa. Halafu kaka yake Ernest, yule William aliyekuwa ndo mfalme kabisa wa miaka ile, kwa kianzio hichohicho Dod akamtandika.

Na alipoichoka tenisi akiwa na miaka 21 akaacha tu. Akaenda kucheza hoki ya timu ya taifa ya England, akachukua ubingwa wa gofu wa wanawake wa Uingereza 1904, na Olimpiki ya 1908 akapata medali ya fedha kwenye upinde na mshale. Watu wengine Mungu akigawa anasahau kufunga koki.

Kiduku_wa_Ilala

Wakuu mmeniua. Ila binamu nimemtumia uzi huu kajibu eti "ubingwa wa Ireland ni wa Ireland, Wimbledon ndo ubingwa wa dunia". Anataka kuchomoa betri. Nimjibu nini?

Na Olimpiki mmeitaja, wanawake waliingia lini?

Shangazi wa Tabata

Mwambie 1884 Wimbledon nayo ilikuwa klabu tu kwenye viwanja vya kukodi pale mtaa wa Worple Road, hapo Church Road wanapochezea leo wamehamia 1922. Dunia ipi? Watu 13 wote wa hukohuko. Kama ni hivyo na Maud si bingwa wa dunia, basi nyote mmekosa na soda anywe kinyozi.

Olimpiki ni 1900 Paris. Charlotte Cooper wa Uingereza akamfunga Mfaransa Hélène Prévost 6-1, 6-4, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mchezo wa mtu mmoja mmoja Olimpiki. Medali ya dhahabu hakupewa, washindi wa tenisi mwaka ule walipewa zawadi za vitu. Na huyu dada alikuwa kiziwi, masikio yalizima kabisa akiwa na miaka 26. Nyie mnaocheza mnajua mlio wa mpira kwenye nyuzi unakwambia umepigwa nguvu kiasi gani, yeye alikuwa anasoma kwa macho tu. Na alikuwa anaanzisha mpira kwa mkono wa juu, sijui nani alimshonea hilo gauni. Wimbledon alichukua mara 5, ya mwisho 1908 ana miaka 37 na watoto nyumbani.

Mvita_001

Na msisahau upande mwingine wa Marekani. Weusi walikuwa wamefungiwa nje ya hayo mashindano ya chama kikubwa, wakaunda chama chao wenyewe 1916, na mwaka 1917 kule Baltimore Lucy Diggs Slowe akashinda upande wa wanawake. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuwa bingwa wa taifa kwenye mchezo wowote. Baadaye akawa mkuu wa wanafunzi wa kike Chuo Kikuu cha Howard. Huku kwetu Kenya tulivyosherehekea Angella Okutoyi aliposhinda Wimbledon ya vijana wawili wawili 2022 nilimkumbuka yule mama.

Fundi Raketi

Nimalizie na mechi moja ambayo nikiifikiria mikono inanitoka jasho, maana mi ni mtu wa kufunga nyuzi na naijua mbao ya raketi.

Wimbledon 1919, vita imeisha, Mfalme George V na mkewe wapo jukwaani. Upande mmoja Dorothea Lambert Chambers, Mwingereza, miaka 40, kashachukua mara 7, mtoto wa mchungaji naye (sijui hawa wachungaji walikuwa wanawalisha nini), kavaa zile nguo ndefu za kizamani. Upande wa pili Suzanne Lenglen, Mfaransa, miaka 20, hajawahi kucheza mechi kwenye nyasi kabla ya mashindano yale, kavaa gauni la mikono mifupi linaishia kwenye shavu la mguu, cha kubana kiuno hana, watu wameshika midomo. Mzee wake jukwaani anamrushia sukari iliyolowekwa konyaki.

Seti ya kwanza Lenglen 10-8. Ya pili mama Chambers 6-4. Ya tatu mama anaongoza 6-5, 40-15, pointi mbili za ubingwa mkononi. Lenglen anakimbilia mpira, anauchelewa, anaugusa na mbao ya fremu, sio nyuzi, mbao! Mpira unapanda kama mgonjwa, unagonga juu ya neti, unafia upande wa mama.   Lenglen akamaliza 9-7. Gemu 44.

Binafsi naona mechi ile ndo ililizika gauni refu, si hotuba ya mtu yeyote. Sema mama wa miaka 40 kwenye nguo zile kufika pointi moja tu na ubingwa, mi huyo ndo nampa heshima kubwa kuliko aliyeshinda.

Shangazi wa Tabata

Fundi naomba nikupe like mia.

Kiduku_wa_Ilala

Mrejesho: kinyozi kasoma uzi wote kwa sauti mbele ya wateja, mmoja kakatwa nywele upande mmoja akasubiri mpaka imeisha ile ya 1919. Uamuzi: nimeshinda, ila kwa kuwa jina nilishindwa kulitaja siku ile, kreti ni nusu kwa nusu. Binamu kalipa 12, mimi 12, na kinyozi kachukua mbili za refa.