Mnaosukumia Urewe, Bigo na Kilwa kwenye jamii ya "Zama za Kati": acheni, mnaharibu kazi

Wakuu wa jukwaa la historia, hasa mlioko Mwanza, Bukoba na Musoma mnaohariri kamusi elezo ya mtandaoni, tusaidiane kupiga kelele. Kurasa za Kanda ya Ziwa, na za pwani kama Kilwa, zimehamishwa kwa mkupuo na kutiwa kwenye jamii (kundi la kupangia kurasa) ya "Zama za Kati" kwa kipimo kimoja: 476 hadi 1492. Mjadala haukufunguliwa, na kwenye muhtasari wa uhariri kumeandikwa "usafi" basi. Huu si usafi.

476 ni mwaka Odoacer, kamanda wa kijeshi, alipomng'oa Romulus Augustulus, kaisari wa mwisho wa Roma ya Magharibi, kule Italia. Na mwisho wa Zama za Kati Wazungu wenyewe hawajaafikiana: kuna wanaoishia 1453 Konstantinopoli ilipotekwa, kuna wa 1492 Columbus alipofika Amerika, kwa Uingereza wengi hushika 1485 baada ya vita vya Bosworth, na wa historia ya Kanisa husogea hadi 1517, Luther alipoanza Matengenezo. Mpaka ambao wenyewe bado wanauvutana, leo unaletwa ziwani kukatia nini?

Tazameni ukurasa wa Urewe, aina ya vyungu vya kale vya ukanda wa Ziwa Viktoria. Vyungu vile vinaanzia takriban 500 KK na kufika karibu 800 BK. Kufika 476 vilikuwa vimeshafinyangwa kwa takriban miaka elfu moja. Lakini programu iliyohamisha kurasa imesoma mwaka wa mwisho tu kwenye sanduku la habari (jedwali la muhtasari pembeni mwa ukurasa), ikaona 800, ikautupa ukurasa mzima humo. Katuruka, pale karibu na Bukoba penye mabaki ya kuyeyushia chuma, nayo ikaburuzwa pamoja. Mwanafunzi akifungua ataondoka akiamini chuma cha Buhaya ni cha enzi za makasri ya Ulaya. Hilo ni kosa la zaidi ya miaka elfu, na limetokana na uvivu wa kusoma aya ya kwanza.

Kilwa ndiyo inauma zaidi. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika 1331, Wareno wakaivamia na kuipora 1505. Hiyo 1505 ndiyo inayokata historia ya mji ule. Kukata 1492 ni kuacha miaka 13 ya usultani ule ule ikielea kwenye jamii nyingine bila sababu yoyote ya Kilwa.

Kwa ziwani na pwani, jamii ziwe za karne, na juu ya kila jamii iandikwe sentensi mbili: inaanza lini, inaisha lini. Karne ya 14 ni 1301 hadi 1400. Mwaka 1400 si wa karne ya 15, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Pia wekeni ufunguo wa kupangia (namba ambayo kompyuta hutumia kupanga orodha) wenye tarakimu mbili, 09, 10, 14, la sivyo karne ya 9 itajipanga chini ya karne ya 14 na msomaji hataiona.

Tarehe za kaboni 14, yaani umri unaopimwa maabara kwenye mkaa au mabaki mengine ya viumbe, zina mtego wake. Maabara ikitoa 560 ± 50 "kabla ya sasa", hiyo "sasa" ni 1950. Mhariri anatoa 560 kwenye 1950, anapata 1390, anaandika "karne ya 14" na kuondoka. Hapana! Namba hiyo lazima ipitishwe kwanza kwenye mstari wa marekebisho (grafu inayogeuza umri wa maabara kuwa miaka ya kalenda) uliojengwa kwa pete za miti, na eneo hilo mstari unapinda, kwa hiyo jibu linatawanyika karibu karne yote ya 14 na kuingia ya 15. Shikeni wigo wa asilimia 95, yaani miaka ambayo tarehe halisi ina uwezekano wa asilimia 95 kuwa ndani yake, ukurasa uwekwe kwenye kila karne ambayo wigo unaigusa. Ukigusa zaidi ya tatu, upandisheni kwenye jamii ya milenia. Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale huko Uganda yenye mahandaki ya takriban karne za 14 na 15, itakaa vizuri kabisa kwa utaratibu huu.

Orodha za watemi na wafalme ni hatari kuliko kaboni. Vizazi kumi kwa miaka 25 ni 250, kwa miaka 30 ni 300. Nusu karne imeyeyuka kwa kubadilisha kizidishio tu. Nanga tulizonazo, yaani matukio yenye tarehe inayojulikana, ni chache, kama kupatwa kwa jua kunakokumbukwa Biharwe, Ankole, nchini Uganda, ambako wanahistoria wengi hukuweka 17 Aprili 1520. Kila mnapohesabu kurudi nyuma kutoka hapo andikeni "takriban", na mtawala asiye na nanga asipewe karne. Abaki kwenye jamii ya ufalme wake.

Maandishi ya Hijria nayo: mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida unagusa miaka miwili ya Kalenda ya Gregori. Msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar, una maandishi ya mwaka 500 H, ambao umeanza 1106 na kuisha 1107. Kama mwezi haukuandikwa, wekeni yote miwili, 1106/1107.

Aliyehamisha kurasa azirudishe zote. Na asihangaike kufuta jamii ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu nyingi haziko ndani ya maandishi ya ukurasa, zinaletwa na kigezo (ukurasa-kiolezo unaotumiwa na kurasa nyingi) cha sanduku la habari. Afungue kigezo, aondoe mstari unaosoma mwaka wa mwisho, ahifadhi, kisha afungue kila ukurasa na kuuhifadhi tena bila kubadili kitu. Asipofanya hivyo, kesho zitajirudisha zenyewe kwenye Zama za Kati.