Rush au The Tragically Hip: mbona mmoja kavuka mpaka na mwingine kagota?

KontenaLaHamilton (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za wikiendi. Nilikaa Hamilton, Ontario, miaka saba kabla ya kuhamia Columbus, Ohio. Kule humalizi zamu ghalani bila kuwasikia The Tragically Hip. Huku, juzi wakati wa mapumziko, nikaunganisha simu kwenye spika nikawawekea watu wimbo wao. Tulikuwa tisa mezani, hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja akauliza kama ni bendi mpya.

Nikabadilisha, nikaweka Rush. Dereva wa foklifti, mzee wa miaka sitini na ushee, akaacha mkate wake, akashika kijiko na uma akaanza kupiga dramu hewani. Mapigo yote ya Neil Peart, mpiga dramu wao, anayo kichwani, hata pale anapozunguka ngoma zote kwa pumzi moja. Nikamwambia hao ni Wakanada. "Acha utani," akanijibu.

Bendi zote mbili za roki, zote za Ontario. Tofauti iko wapi? Nawasilisha.

FundiSanturi
Mkuu, sikiliza maneno. Hip wanaimba ya nyumbani. Chukua "Fifty Mission Cap": ni habari ya Bill Barilko, mchezaji wa hoki ya barafu aliyewafungia Toronto Maple Leafs goli la ubingwa 1951. Kiangazi hichohicho akaenda kuvua samaki, ndege ikapotea naye. Mabaki yakaonekana 1962, mwaka ambao Leafs walilichukua tena kombe. Mkanada akisikia jina hilo nywele zinamsimama. Mtu wa Ohio anasikia jina tu.

Rush wanaimba sayari, mitambo na falsafa, vitu visivyo na kijiji. Halafu Ohio hiyohiyo yako ndiyo iliyowatoa. Mwaka 1974 Donna Halper wa redio WMMS, Cleveland, alipiga "Working Man", simu zikamiminika studio, baadaye wakapata mkataba na kampuni ya rekodi ya Mercury. Huyo mzee wako amekua nao.

BintiScarborough
Kaka Fundi, hapo sikubaliani. Mambo ya nyumbani yangekuwa ndiyo kizuizi, Gordon Lightfoot, mwimbaji wa Kanada, asingefika popote. "The Wreck of the Edmund Fitzgerald" ni hadithi ya meli iliyozama ziwani, ina majina ya mahali tele, na bado ilishika namba 2 Marekani 1976.

FundiSanturi
Dada, umenisaidia bila kujua. Meli ile ilikuwa ya Kimarekani. Ilipakia madini ya chuma Superior, Wisconsin, ikielekea upande wa Detroit, ikazama tarehe 10 Novemba 1975 na mabaharia wote 29. Lightfoot aliimba msiba wa Wamarekani kwa sauti ya Mkanada.

BintiScarborough
Haya, hapo umenishika. Ila bado redio nailaumu kuliko maneno. Tangu 1971 serikali ya Kanada inazibana redio zipige sehemu ya nyimbo za Kikanada. Zilianza na asilimia 30, zikapandishwa hadi 35. Mwanamuziki akishapata kula nyumbani, hana haja ya kulala kwenye basi Alabama akibembeleza mashabiki. Hip wana albamu zilizouza nakala milioni nchini kwao, "Fully Completely" ikiwemo. Kwa nchi ile hiyo ni kama kila ukoo kununua.

KantriEldoret
Mnanichekesha. Miaka yote namsikia Shania Twain kwenye vipindi vya kantri vya Jumapili huku Kenya, nikijua ni mtu wa Nashville. Leo ndiyo naambiwa kakulia Timmins, Ontario!

BintiScarborough
Karibu, ndugu yangu. Na mumewe wa wakati ule, mtayarishaji Mutt Lange, ni mzaliwa wa Mufulira, Zambia ya leo. Huyo ndiye aliyemponza Bryan Adams, mwimbaji mwingine Mkanada, bila kukusudia. Albamu ya Adams ya 1991 waliitunga pamoja, na kwa kuwa Lange si Mkanada, nyimbo zikakosa alama za kuhesabiwa za Kikanada. Ule wa filamu ya Robin Hood umekaa wiki 16 kileleni Uingereza na wiki 7 Marekani, nyumbani unaitwa mgeni! Adams aliwaka, kanuni ikaja kulegezwa.

Pwani_Minneapolis
K'naan mbona hamumtaji? Mogadishu mpaka Toronto, "Wavin' Flag" Kombe la Dunia 2010 kila mtoto aliimba, lakini Marekani haukugusa hata kumi bora.

MkongoWaBuffalo
Ndugu zangu, mimi niko Buffalo. Huku The Hip wanajulikana sana! Fundi wa gari langu, Mmarekani halisi, ana fulana yao imechakaa mpaka maandishi hayasomeki. Sababu ni nyepesi: tuko ng'ambo tu ya mto Niagara, redio za Ontario zinaingia bila kuulizwa viza. Enda kusini saa mbili kwa gari, zinaanza kukwaruza, na The Hip wanaishia hapo.

KontenaLaHamilton
Mkongo, hilo la mawimbi limeniingia. Niwaambie kitu. Agosti 20, 2016 nilikuwa na miezi minne tu Kanada. Jioni napita mtaani nakuta watu wameweka skrini uani, wanaume wazima wanalia. Nikadhani kiongozi wa nchi kafariki. Kumbe ni Gord Downie, mwimbaji wa The Hip, ana saratani ya ubongo, anaimba onyesho la mwisho Kingston, mjini kwao, na suti inayometameta na kofia ya manyoya. Watu milioni 11.7 walitazama, karibu theluthi ya nchi. Alifariki Oktoba mwaka uliofuata. Ndiyo maana ile kimya ya mezani iliniuma.

KantriEldoret
Sasa mzee wa foklifti umemwachaje?

KontenaLaHamilton
Leo kaja mwenyewe, kauliza kama wale wa kwanza wana wimbo wa hoki. Nikampa wa Barilko. Kasikiliza mpaka mwisho, hakushika kijiko wala uma. Kisha akaniuliza: "Miaka kumi na moja yote, nani alikuwa anaitafuta hiyo ndege?"