Nani aliite Bunge la Kentucky: gavana peke yake, au wabunge wenyewe?

Ndugu zangu, hasa tulio Lexington na Louisville, naomba tulijadili hili tukiweka vyama pembeni.

Bunge la jimbo letu hapa Marekani huanza Januari: siku 60 mwaka wa shufwa, siku 30 mwaka wa witiri. Zikiisha, wabunge wanarudi kwao na ufunguo anabaki nao gavana. Ni yeye tu awezaye kuita kikao maalumu, na ndiye anayetaja kitakachojadiliwa. Novemba 2022 tuliulizwa kama Spika na Rais wa Seneti, yaani wakuu wa mabaraza mawili ya Bunge, wakikubaliana, waruhusiwe kuongeza hadi siku 12 kwa mwaka. Wapiga kura wakakataa.

Nasema pendekezo lirudi, ila si vile lilivyokuja. Nilikulia Kenya ya kabla ya Katiba ya 2010, Rais akilivunja Bunge siku aitakayo. Anayekaguliwa hafai kumpangia mkaguzi siku za kazi. Lakini viongozi wawili nao ni wachache mno, na kwa sasa wote ni wa chama kimoja. Jimbo la Idaho, mwaka huohuo wa 2022, walipitisha njia nyingine: asilimia 60 ya wajumbe wa kila baraza watie sahihi ombi la kuita kikao. Hapo hata mbunge asiye na cheo ana neno. Mnaonaje?

JIBU: Kaka, mafuriko ya Julai 2022 kule mashariki umeyasahau? Gavana aliita kikao, na Agosti hiyohiyo fedha za msaada zikapitishwa. Ufunguo ulifungua. Mimi namhofia mkulima au mwalimu aliyechaguliwa: ataacha shamba na darasa mara ngapi? Mwisho tutabaki na matajiri watupu bungeni.

JIBU: Dada, hofu hiyo naiheshimu, ndiyo maana kikomo cha siku lazima kibaki. Ila kwenye mafuriko gavana na Bunge walitaka kitu kimoja. Angalia 2020: kikao kilifungwa Aprili, na amri za dharura za UVIKO zikaendelea hadi Januari 2021 bila Bunge kuwa na njia ya kujiita. Mimi nyingi ya amri zile niliziunga mkono, na bado naona hazikupaswa kukaa miezi minane bila kujadiliwa. Kama asilimia 60 unaona ni rahisi kufikiwa, wewe ungeweka ngapi?